Barua Mbili

Palikuwa na kijana mmoja wa Geita, ambaye baba yake alichimba dhahabu mashimoni hata vumbi la mawe likamharibu kifua. Mwaka 2025 kijana huyo alikubaliwa kusomea udaktari mahali pawili: Muhimbili, Dar es Salaam, kwenye chuo kilichoanza mwaka 1963, na Bugando, Mwanza, kilipoanza mwaka 2003. Ilimpasa athibitishe kimoja tu. Miaka ni mitano kotekote. Mwalimu wake aliisifu Muhimbili, na kweli sifa zile si za bure. Lakini mwezi wa Juni daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa limefunguliwa, wala kwenda Mwanza hakukuhitaji tena kungoja kivuko. Mama akauliza, “Mwanangu, baba akizidiwa, nani atakuwa karibu?”

Akachagua Bugando. Baba, aliyekwisha kuuza ng’ombe kwa ajili ya nauli ya Dar es Salaam, hakusema naye neno usiku ule.