Neno Refu Kwenye Kadi ya Hospitali

Mpenzi msomaji, hebu itoe kadi yako ya hospitali ukaitazame. Uwe wa Changamwe, Kisauni au huku kwetu Likoni, hukosi moja iliyokunjwa pamoja na kitambulisho. Sasa niambie, lile neno refu lililoandikwa juu ya majina ya dawa, maana yake waijua? Usione haya. Wengi wetu tunalibeba neno hilo miaka na mikaka, twavuka nalo feri kwenda na kurudi, na hatujui limetubebea nini.

Twadhani ni Kiingereza kilichotupita kimo. La hasha! Mengi ya maneno hayo ni Kigiriki na Kilatini. Hippocrates, anayeitwa baba wa utabibu, alikuwa Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na Kilatini kilikuwa lugha ya vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi. Waingereza nao waliazima tu. Hata mwashi wa London akiambiwa ana nefraitisi, hutumbua macho kama sisi.

Hata hivyo, maneno haya hayana uchawi. Yameungwa vipande vipande kama mbao za mashua. Kwa Kigiriki figo ni nefros, ini ni hepar, kiungo ni arthron. Ukiona mkia wa "aitisi", jua kuna uvimbe wa ndani kwa ndani. Basi nefraitisi ni uvimbe wa figo, hepataitisi ni wa ini, na athraitisi ni wa viungo. Umeona? Mlango uliodhani una kufuli kumbe umerudishwa tu.

Lakini kuna vipande viwili ambavyo, msomaji wangu, nakusihi uvishike vyema: haipa na haipo. Haipa ni juu, kupita kiasi. Haipo ni chini, pungufu. Kwa hivyo haipatensheni ni shinikizo la damu lililopanda, na haipotensheni ni lililoshuka. Tofauti yake mdomoni ni silabi moja tu, lakini kwa mgonjwa ni kubwa mno.

Nayasema haya kwa kuwa yametufika nyumbani. Ami yangu ana kisukari. Mwaka mmoja alilazwa, akaruhusiwa na kadi iliyoandikwa haipoglaisemia. Hakuna aliyemweleza neno hilo, si yeye wala mkewe. Nyumbani kila mtu alilipokea kivyake, ila sote tulisikia harufu ya "sukari" ndani yake. Basi chai ikawa kavu, uji ukapunguzwa, ndizi zikafichwa. Vidonge vyake, hata hivyo, alivimeza kwa wakati. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, tukamwona atokwa na jasho jembamba, mikono yatetemeka, na maneno yake hayashikani.

Bahati njema binti wa jirani, aliyekuwa akisomea uuguzi, alikuwa ameingia kutujulia hali. Akaitazama kadi, akapiga kofi.

"Mama, mwamnyima sukari, na sukari ndiyo hana!"

Akakoroga vijiko vitatu vya sukari katika nusu gilasi ya maji, akamnywesha polepole. Baada ya kama robo saa ami akauliza mbona tumemzunguka kama maiti. Akapewa chakula, kisha akarudishwa kwa daktari, na vidonge vikapunguzwa.

Binti yule alitufundisha jambo ambalo nami nakupa bure. Neno haipoglaisemia ni la Kigiriki, lakini masikio ya Mswahili yanalielewa: sukari haipo! Imepungua katika damu. Mwenye kisukari anayetumia dawa, akikosa chakula, anaweza kupatwa na hali hiyo. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari upesi. Akiwa amezimia, usimtie kitu chochote kinywani, mkimbize hospitali.

Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakiwezi elimu hii. Ajabu! Bibi akikohoa akasema ana balghamu, asema Kigiriki bila kujua. Neno hilo lilitoka kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu, likatufikia sisi pwani. Tulilipokea, tukalilainisha, na leo halimtishi mtu. Nao madaktari wa ulimwengu mzima, wanapoitaja chikungunya, wasema Kimakonde. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na jina lake latokana na kukunjika kwa maumivu ya viungo. Sisi wa Mombasa tulipokunjwa nao mwaka 2004, na tena mwishoni mwa 2017 kuingia 2018, hakuna aliyehitaji kamusi. Jina lenyewe lilikuwa limeshasema.

Basi ndugu msomaji, siwaombi madaktari watupe Kigiriki chao. Kinawasaidia kuelewana, wa Mombasa na wa Tokyo. Naomba tu neno hilo likishaandikwa, litafsiriwe kwa mdomo kabla mgonjwa hajainuka kitini. Nawe usiinuke mpaka umeuliza matatu: neno hili kwa Kiswahili ni nini? Kimepanda au kimeshuka? Nile nini, niache nini? Foleni nyuma yako itanung'unika, najua. Iache inung'unike. Kuuliza si ujinga, na kadi ni yako, si yao.