Tulilipia Mchezo, Si Muda

Vijana wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, siku hizi wakikuambia wanaijua pool, mara nyingi wana maana wameiona kwenye simu. Wanamtaja Fedor Gorst kama mtu wanayepanda naye daladala moja. Watakusimulia jinsi alivyomfunga Eklent Kaçi 15 kwa 14 kule Jeddah, Juni 2024, kwenye fainali ya ubingwa wa dunia wa mipira tisa, akaondoka na dola 250,000. Sisi mashujaa wetu walikuwa makondakta wa Uyole, mafundi redio wa Kabwe, na madereva wa malori waliolala Mbeya mjini kabla ya kwenda kukaa foleni ya mpaka Tunduma. Mshindi alinunuliwa soda, au bia kama aliyeshindwa ana hali nzuri. Kikubwa alichopata ni haki ya kubaki mezani.

Haki hiyo haikuwa ndogo. Aliyebaki hakulipa, aliyekuja kumpinga ndiye aliyelipa. Kijana mwenye mkono mzuri aliweza kuingia grosari saa kumi jioni akiwa na sarafu moja mfukoni, akatoka usiku nayo ikiwa bado humo, amecheza jioni nzima kwa gharama za wenzake. Wapo waliofanya hivyo miaka na miaka, na mjini walijulikana kwa sifa hiyo kuliko kwa kazi zao.

Meza zenyewe zilikuwa ndogo, za mtindo wa Kiingereza, zenye droo ya sarafu ubavuni. Unapanga sarafu kwenye vitundu vyake, unasukuma droo, inagoma kidogo, unaipiga kiganja, kisha mipira 15 inaporomoka tumboni mwa meza kwa mngurumo ambao mtu aliyeko barabarani anausikia na kujua gemu jipya limeanza. Mpira ukiingia shimoni umekwenda. Hautoki mpaka mtu alipe tena. Nyeupe peke yake ndiyo inayorudi. Kwanza zilimeza sarafu ya 100, baadaye zikarekebishwa zimeze ya 200, ile yenye sura ya Mzee Karume. Waliotaka kucheza walipanga sarafu zao ukingoni mwa meza, moja baada ya nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa foleni. Hakuna aliyeandika jina. Kila mtu aliijua sarafu yake ilipo, na sijapata kuona ikiibwa, kwenye baa ambazo ukisahau koti umelisahau moja kwa moja.

Kilichotufanya tuikalie meza ile muda mrefu ni kwamba ulikuwa umelipia mchezo. Muda ulikuwa bure. Ukishasukuma droo, mipira ni yako mpaka mpira namba nane uingie, iwe baada ya dakika tano au baada ya saa nzima. Kwa hiyo watu walifikiri. Mtu alizunguka meza mara mbili, akainama, akainuka, akapaka choki ambayo fimbo haikuihitaji, akaenda kwenye jiko la mchoma mishikaki kupasha vidole, maana Julai ya Mbeya ukipiga na mkono wenye ganzi unaitafutia nyeupe shimo. Akirudi anakuta watazamaji wameshamgawia ushauri wa aina nne. Anausikiliza wote. Halafu anapiga shuti ambalo hakuna aliyelishauri.

Tukabishana pia. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wenyewe, na wanaoikumbuka pool kwa mashuti tu wanaikumbuka nusu. Kila baa ilikuwa na sheria zake. Ukifanya faulo, mpinzani anapata shuti mbili, au anaishika nyeupe aiweke anapotaka? Nane inaingia shimo lolote, au lile ulilolitaja? Madereva walitoka Zambia na sheria zao, wakazitetea kwa Kiswahili cha kuchanganya, na watu wa Sokomatola hawakukubali kufundishwa mchezo na mtu anayeondoka alfajiri. Mzee mmoja mshona viatu, ambaye sikuwahi kumwona ameshika fimbo, ndiye aliyekuwa mwamuzi wetu. Watu walimwendea: "Tata, hebu tuamulie hapa." Anaweka kiatu chini, anakuja kuitazama mipira ilivyolala, anauliza nani alipiga mwisho, anawasikiliza wote wawili mpaka wachoke. Mara nyingine uamuzi wake ulichukua muda kuliko gemu. Mipira ilisubiri. Ilikuwa imeshalipiwa.

Baadaye yakaja mashindano ya Safari Lager, yenye fulana, marefa na Chama cha Pool Tanzania, TAPA, klabu zikipambana mkoani kwanza ndipo ziende taifa. Mbeya tulikuwamo. Yalitupa sheria moja na yakatupa heshima. Mama aliyekuwa akimficha mwanawe mcheza pool sasa aliweza kusema mwanawe yuko timu ya mkoa. Mzee wetu wa viatu ndiye aliyepoteza. Refa mwenye kitabu hamhitaji mtu wa kuja kutazama mipira ilivyolala.

Lakini lililotutikisa hasa ni lile la kwenye televisheni. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza 1994, na mwaka huohuo, kule Uingereza, kampuni ya Matchroom ya Barry Hearn ilianzisha Mosconi Cup, Ulaya dhidi ya Marekani, mipira tisa, watazamaji wakiimba kama wako uwanja wa mpira. Sisi tuliiona miaka mingi baadaye, kwenye baa moja ya mtaa wa Soweto hapa Mbeya, yenye dishi, siku ambayo watu walikuja kusubiri ligi ya Uingereza na kukuta mezani kwenye kioo kuna kitambaa cha buluu, mipira tisa, na wanaume waliovaa jezi.

Kwanza kukawa kimya cha kutoelewa. Kwenye mchezo ule lazima nyeupe iguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki. Ukiugusa huo, chochote kitakachoingia ni halali, na anayeiingiza tisa ndiye mshindi. Basi jamaa mmoja akapiga mbili, mbili ikaisukuma tisa, tisa ikatumbukia, ukumbi mzima ukaruka juu. Mezani bado kumejaa mipira.

"Kashinda nini sasa?" akauliza fundi redio.

"Kashinda gemu."

"Gemu gani, nkamu? Hajafanya kazi yoyote huyo!"

Wakubwa wakasema hiyo ni kamari, na mtu anayeweza kushinda kwa mpira aliousukuma kwa mpira mwingine atashinda hata akiwa amelewa. Vijana wakajibu kwamba ndiyo maana inavutia, mpaka mwisho hujui. Mimi nilikuwa katikati kwa umri na kwa maoni, nikanyamaza. Hoja ya wakubwa ilikuwa na tundu ambalo hakuna aliyeliona usiku ule: kuiingiza tisa kwa namna ile kwa makusudi, kwenye meza kubwa ile yenye midomo myembamba ya mashimo, kunahitaji mkono ambao Mwanjelwa nzima hatukuwa nao.

Kisha wakaiona saa. Sekunde 30 kwa kila shuti, zinahesabika pembeni ya kioo, na muda wa ziada mara moja tu kwa gemu. Zikibaki chache, kengele inalia. Mchezaji anayetoka jasho anainama, anapiga, anainuka. Tukacheka. Mzee wa viatu, aliyekuja kutazama mpira wa miguu kama wengine, ndiye aliyesema neno lililobaki mjini kwa muda mrefu: "Huyu anakimbizwa na nani?"

Jibu nililipata baadaye. Anakimbizwa na televisheni. Muda wa chaneli una bei, na kila mchezo wa fimbo unaotaka kuonyeshwa lazima ukubali kukatwa upate kutosha. Si jambo la jana: mwaka 1969 BBC ilipotaka kipindi cha kuonyesha rangi za televisheni mpya, ilianzisha Pot Black, ikaichukua snuka, ambayo pambano lake moja laweza kula siku kadhaa, ikaibana kuwa gemu moja tu. Mwaka 2011 wenye snuka wakayarudisha mashindano ya Shoot Out, dakika kumi gemu nzima, sekunde 15 kwa shuti, na dakika tano za mwisho sekunde 10. Kila mara wapenzi wa zamani walinung'unika, na kila mara watazamaji wapya walikuja. Kejeli kubwa iko kwenye jina la kombe lile tuliloliona Soweto. Willie Mosconi, Mmarekani aliyefariki mwaka 1993, anakumbukwa zaidi kwa siku ile ya 1954, mjini Springfield, Ohio, alipoingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Mtu wa namna hiyo, mtu wa kukaa mezani mpaka wenzake wasahau walikuja kufanya nini, wamempa kombe la watu wanaohesabiwa sekunde.

Bila shaka tuliujaribu mchezo wenyewe. Wiki ileile vijana walilipa mia mbili, wakatupa shimoni mipira kuanzia 10 mpaka 15, wakapanga tisa iliyobaki kwa umbo la almasi, wakamweka mmoja ashike simu ahesabu sekunde. Ilikwenda vizuri mpaka mtu alipoiingiza tisa na nyeupe pamoja. Kwenye televisheni hiyo ni faulo, na tisa inatolewa inarudishwa mezani. Meza yetu ilikuwa imeshaimeza. Mtu akaingiza mkono shimoni mpaka kiwiko, tisa anaisikia kwa vidole, haikamatiki. Mzee akaitwa, baada ya muda mrefu wa kukaa bila kesi. Akauliza kama sheria zao zinasema la kufanya meza ikikataa kurudisha. Hazisemi.

Mwenye meza yeye aliupenda mchezo ule kuliko wote. Gemu la mipira tisa lilikwisha haraka, na kila likiisha droo inasukumwa. Kwa jioni moja aliona sarafu ambazo zamani alizipata kwa siku mbili. Wachezaji nao wakaliona hilo, nalo ndilo lililoua mipira tisa Mwanjelwa. Wakubwa na manung'uniko yao hawakuwa na mkono hapo. Mia mbili kwa mashuti matano? Wakarudi kwenye mipira 15, na saa ya simu ikarudi mfukoni.

Yaliyofuata ninayaeleza kwa ufupi kwa sababu kila mtu aliyaona. Machi 2016 Rais John Magufuli, akiwaapisha wakuu wa mikoa, aliagiza vijana wafanye kazi badala ya kushinda kwenye pool tangu asubuhi, na meza nyingi zikafungwa minyororo mpaka jioni. Wenye maduka na wake za watu hawakulalamika, na sitasema walikosea. Vikaja vibanda vya kubeti, yakaja madubwi, zile mashine za kamari zinazomeza sarafu ileile ya mia mbili. Mtu asubiri foleni ya watu watano ukingoni mwa meza kwa nini, wakati dubwi linameza hapohapo? Ila dubwi halibishani na mtu, na wala halina watazamaji wanaokushauri. Nimekaa karibu nayo nikiwatazama vijana wanavyocheza. Wanatazama taa, mkono unasukuma. Hata anayeshinda hapati wa kumpongeza.

Mpwa wangu hachezi dubwi, namshukuru Mungu. Yeye ni mtu wa pool ya simu. Ana mapambano ya Alexandra Palace na ya Las Vegas, na anayatazama akila. Tumeyatazama pamoja mara nyingi, nami nimebadilika kidogo. "Mjomba," aliniambia, "presha ya ile saa ndiyo mchezo wenyewe. Kufikiri kila mtu anaweza akipewa siku nzima." Nilitaka kumjibu kwa yule mtu wetu aliyepasha vidole kwenye jiko la mishikaki, lakini kwenye kioo palikuwa na kijana amebakiwa na sekunde nne, nyeupe imejificha nyuma ya saba, akaigonga ukutani mara mbili ikaja kugusa mbili taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Hilo ni zuri. Sisi tungelifikiria nusu saa na tusingelipata.

Juzi alinipeleka mahali pake, sehemu mpya ya starehe upande wa Forest. Meza ni kubwa, za Kimarekani, kitambaa kipya, choki haijalowa, na hakuna droo: mipira inabaki kwenye nyavu za mashimo, unaichukua mwenyewe. Tisa ikiingia kwa faulo unairudisha tu. Kila kitu tulichokikosa Mwanjelwa kipo. Ukutani nyuma ya kaunta kuna saa, na kwenye kaunta binti mwenye daftari aliandika tulipoanza, kwa sababu pale unalipa kwa saa.

Tulicheza vizuri mpaka gemu la tatu, nyeupe yake ilipogusa nne na tatu kwa pamoja, au nne kwanza, hapo ndipo tulipotofautiana. Nikasema faulo. Akasema si faulo. Nikaweka fimbo chini, nikazunguka upande wake nione mipira ilivyolala, nikaanza kumweleza kuhusu mzee wa viatu na namna alivyokuwa akiamua jambo kama hili, kwanza kwa kuuliza nani alipiga mwisho.

"Mjomba," akasema, jicho kwenye saa ya kaunta, "chukua wewe faulo tuendelee. Tutabishania nje, humu inalipiwa."