Dari ya Baridi: Minneapolis na Chicago

Minneapolis, Februari 2026. Nyumba ya shemeji, mume wa dada, ni ya miaka ya 1920, ya mbao iliyopigwa lipu, ghorofa moja na nusu. Boila ya gesi iko chini ya nyumba, maji ya moto yanazunguka ndani ya rejeta za chuma, na hakuna anayelalamika hata nje kukiwa nyuzi 25 chini ya sifuri. Shida yake ni Julai. Jua likipiga lile paa, vyumba viwili vya juu havilaliki, na nyumba ya rejeta haina hata njia moja ya kupitishia hewa baridi. Ameita wakandarasi watatu wamkadirie kiyoyozi chenye dakti za kupita darini, na karatasi zao ziko mezani: dola 13,800, dola 21,500 na dola 26,000. Nyumba ni ileile.

Mtu wa pwani akiziona tarakimu hizi anaanza kumtafuta mwizi. Nilikaa nazo jioni nzima. Bati, mipira ya dakti na matundu ya kutolea hewa havifiki theluthi ya bei katika karatasi yoyote. Ya bei nafuu ina mistari sita na haisemi lolote kuhusu hali ya dari. Ya pili ina kurasa tatu, na sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwenye mambo ambayo mwenye nyumba hatayaona kamwe: kuziba nyufa, kuongeza pamba ya kuzuia joto, trei ya maji chini ya mashine pamoja na swichi ya kuizima trei ikijaa, kumega nusu ya kabati la nguo la watoto ili bati lishuke mpaka sebuleni, na kibali cha jiji.

Sababu iko juu, ukipanda ngazi na tochi. Misumari iliyoshikilia paa imetokeza kwa ndani, na kila ncha ina kofia ya barafu, nyeupe, ya ukubwa wa punje ya mahindi. Ile ni pumzi ya nyumba: mvuke wa sufuria, wa bafu, wa watu waliolala, umepenya kwenye nyufa za dari na kuganda. Huku nafasi iliyo chini ya paa huachwa na matundu ya upepo makusudi, ibaki baridi kama nje. Joto likivuja humo, theluji ya juu ya paa inayeyuka, maji yanateremka hadi ukingoni penye baridi, yanaganda tena na kuwa ukuta wa barafu, kisha maji yanayofuata yanarudi chini ya vigae na kuingia ndani.

Hapo ndipo wanataka kupitisha dakti. Energy Star, mpango wa serikali ya Marekani, unasema katika nyumba ya kawaida asilimia 20 hadi 30 ya hewa inayopita kwenye dakti hupotea kwa kuvuja. Sebuleni hasara hiyo ingebaki ndani ya nyumba; darini unapoza anga ya Minnesota. Kwa hiyo dakti huvalishwa kinga ya R-8 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto), kila kiungo kinapakwa masitiki kwa brashi, na sakafu ya dari inafunikwa kufikia R-49 au R-60. Selotepu ya kijivu, ile inayoitwa kwa jina la dakti zenyewe, haifai: maabara ya Lawrence Berkeley iliijaribu miaka ya 1990, ikaachia. Na wakati wa baridi, kiyoyozi kikiwa kimelala, hewa ya unyevu hupanda ndani ya dakti tupu na kutona. Wenyeji huyafunika matundu ifikapo Novemba.

Kuna jambo jingine linaloweza kupandisha bei kabla fundi hajafungua mkoba. Dari nyingi za zamani zilijazwa vemikulaiti, chembe za kahawia zinazong'aa, iliyouzwa kwa jina la Zonolite. Iliyotoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa 1990, ilikuwa imechanganyika na asbestosi. Kiwanda kimoja kilikuwa kikiichakata hapahapa kaskazini mashariki mwa Minneapolis, na mabaki yake walipewa majirani bure, wakayamwaga njiani na bustanini. Serikali inashauri usiiguse, uihesabu kuwa ina asbestosi. Kuitoa ni maelfu ya dola, na mkandarasi wa dola 13,800 hakuuliza kama ipo.

Chicago, wiki iliyofuata. Bangaloo za hapa ni za matofali, paa la chini lenye miteremko minne. Zilijengwa kama 80,000 kati ya 1910 na 1940. Mwenyeji wangu, mama wa Mombasa, naye alikuwa na rejeta. Yeye alilipa zaidi akawekewa mirija ya inchi mbili inayosukuma hewa kwa kasi na kupenya katikati ya mbao za kuta. Hakuna kabati lililomegwa. Hewa inatoka kwa mvumo, lakini anasema ameuzoea. Pia aliokoa fedha za kubadilisha nyaya za umeme: Chicago inataka nyaya zipite ndani ya bomba la chuma, wakati kwa shemeji zipo nyaya za kale zilizoshikwa kwa vifundo vya kauri, ambazo haziruhusiwi kufukiwa kwa pamba kabla ya kubadilishwa.

Kwetu Tanga fundi hutoboa ukuta, akapitisha bomba la shaba, na jioni mnalala kwenye ubaridi. Viyoyozi hivyo vya ukutani, yaani split, zipo Minnesota pia, tena za kupasha joto hata katika baridi kali, na hazina haja ya dari. Makadirio ya split mbili kwa vyumba vya juu yalikuwa dola 9,500. Hadi mwisho wa 2025 serikali ilikuwa ikirudisha kwenye kodi asilimia 30 ya gharama ya pampu za joto kama hizi, isiyozidi dola 2,000; shemeji amechelewa.

Mimi ningechukua split na kuziba dari. Dada hataki. "Kile kisanduku ukutani nimekitazama miaka yote Tanga," anasema, "nije nikitazame na huku?" Wamekubaliana vemikulaiti, ikiwa ipo, ipimwe kwanza na nyufa zizibwe kabla ya Aprili. Mkandarasi wa pili atazifanya kazi hizo tu, bila dakti, na bei yake amekubali kuiandika kwenye karatasi tofauti.