Vumbi Tulilolileta Nyumbani

Sisi wakaaji wa Lubumbashi tumezoea kulilaumu bomba lile refu la kiwanda cha shaba, kwa maana mitambo ya kuyeyusha ilianza kazi hapa mwaka 1911, na babu zetu waliujua moshi wake. Hatukudhani kamwe kwamba vumbi baya laweza kuzaliwa uani petu, mikononi mwetu wenyewe.

Tulikuwa na gari kuukuu tuliloachiwa na marehemu baba yetu. Lilikuwa limepakwa rangi mara nne, ya njano ikiwa chini kabisa. Mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, tuliazimia kulipaka upya kabla mvua hazijaanza. Basi tulishika msasa mkavu, tukasugua siku tatu mbele ya nyumba yetu huko Katuba. Upepo ulivuma, vumbi likatua juu ya ndoo za maji na nguo zilizoanikwa. Jioni tulimpakata mtoto wetu mdogo bila hata kubadili shati, naye alikuwa bado ananyonya vidole.

Siku ya tatu jirani yetu, mama mzee aliyekuwa muuguzi, alisimama mlangoni. "Wanangu," akasema, "mwajua rangi hiyo ina nini ndani yake?"

Tulinyamaza. Ndipo alipotueleza kwamba rangi nyingi za zamani, hasa za njano na nyekundu, na zile za kuzuia kutu, zilichanganywa na risasi, metali ile nzito. Vumbi lake halitambulikani kwa macho. Likiingia mwilini hukaa katika damu na mifupa, na kwa mtoto mdogo huudhuru ubongo, hata masomo yakamwia magumu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara.

Je, mtoto wetu alipata kiasi gani? Hatukupata jibu, na swali hilo hutuamsha usiku hata leo.

Sehemu iliyobaki tuliifanya kwa namna nyingine. Watoto tuliwapeleka kwa shangazi yao. Tulitandika turubai chini ya gari, tukatumia msasa wa maji, tukiulowesha mara kwa mara ili vumbi lisiruke. Tulivaa glovu na barakoa yenye kichujio, kwa kuwa kitambaa kitupu hakizuii vumbi jembamba. Mahali ambapo rangi ya zamani ilishika vema, tuliikwaruza juu juu tu, pasipo kufika kwenye bati. Palipobaki bati tupu tulipaka upesi rangi ya kuzuia kutu. Matope ya rangi tuliyafunga katika mfuko, mbali na kisima. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake, nasi tulinawa kabla ya kugusa chakula au mtoto.

Wako waunguzao rangi kwa moto. Haifai: moto huigeuza risasi kuwa moshi, na tangi la petroli li karibu. Wengine hutumia dawa ya kubandua rangi ndani ya chumba kilichofungwa. Baadhi ya dawa hizo zina kloridi ya metileni; mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hujikusanya chini, na mwilini hugeuka kuwa sumu ile ile itokayo katika jiko la makaa. Umekwisha kuwaua mafundi. Marekani ilikataza mwaka 2019 dawa hizo za kubandulia rangi zisiuzwe kwa watu wa kawaida.

Gari letu sasa lang'aa, na wapitao hulisifu. Lakini enyi akina baba na vijana wa garaji, kabla ya kushika msasa, tazameni kwanza upepo waelekea wapi, na nani anacheza upande ule.