Twashukuru Nini?

Kitenzi kushukuru, kwa asili yake, kina haja ya watu wawili na jambo moja: mwenye kushukuru, mwenye kushukuriwa, na kilichotendwa. Twasema, "Namshukuru jirani kwa mchuzi alioniletea." Lakini katika maamkizi ya pwani yetu sentensi hiyo imevuliwa karibu nguo zote. Muulize mtu wa Mombasa habari zake, naye atakujibu, "Twashukuru." Hasemi amshukuru nani wala kwa lipi. Huenda mgonjwa yuko ndani, huenda chungu hakijateleka tangu jana. Jibu ni hilo hilo. Sisemi ni uongo. Ni pazia, na penye pazia mwenye adabu hachungulii.

Mwaka 2020 nililisikia neno hilo kila siku, mara nyingi kuliko miaka yote ya nyuma, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine ila kuulizana hali. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja ya alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa: asitoke mtu, asiingie mtu. Kisha tarehe 6 Mei, Ramadhani haijafika nusu, tukafungiwa tena ndani ya mji uliokwisha fungwa. Mji wa Kale hapa kwetu, na Eastleigh kule Nairobi, vikazungushiwa vizuizi kwa siku 15, kisha siku zikaongezwa hadi Juni. Masoko na mikahawa ikafungwa. Misikiti ilikuwa imekwisha fungwa tangu Machi, ila adhana haikukoma. Muadhini aliita, nasi tukaitikia kila mtu mkekani kwake, tarawehe ikisaliwa sebuleni, imamu akiwa kijana wa nyumba aliyehifadhi sura fupi fupi.

Kilichoniuma zaidi, na sijui kwa nini hiki hasa, ni kupotea kwa mlio wa vikombe vya muuza kahawa. Kila usiku wa Ramadhani hupita akivigonganisha kiganjani, na mlio ule huingia vichochoroni kabla yake. Sasa vichochoro vilinyamaza hata ukasikia paka akiruka ukuta.

Jirani yetu wa mbele ni bibi wa makamo ya juu, aliyefundisha chuoni miaka mingi, na mtaa mzima humwita Nyanya. Dirisha lake la ghorofa ya kwanza latazamana na mlango wetu wa chini; kichochoro katikati ni cha kupishana watu wawili tu. Asubuhi moja aliinamia dirishani, akamuamkia mama yangu.

"Mumeamkaje, mwanangu?"

"Twashukuru, Mama."

"Mwashukuru nini?"

Mama akanyamaza. Swali hilo haliulizwi kwetu. Nyanya akangoja, kama alivyokuwa akingoja mwanafunzi akumbuke aya.

"Maji," Mama akasema hatimaye. "Yametoka leo bombani. Nimejaza ndoo nne."

"Haya. Hilo limesikika."

Tangu siku ile hakukubali tena jibu tupu kutoka kwa yeyote aliyepita chini ya dirisha lake. Wengine waliudhika, nami nawaelewa; mtu ana haki ya pazia lake. Kijana mmoja wa makuli, aliyekosa kazi bandarini tangu mwezi wa nne, alimwambia wazi kuwa siku hiyo hashukuru kitu. Nyanya akamjibu, "Ndiyo maneno hayo," akamshushia tende. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho: kwamba shuka langu lilikauka kabla ya mvua ya masika kunyesha, kwamba mbaazi za nazi ziliiva bila kushika chini, kwamba redioni wamesema wanaume wote wavae barakoa. Hili la mwisho lilimchekesha Nyanya hata akashika fremu ya dirisha. Kwake barakoa ni vazi la uso la mabibi wa zamani, lile ambalo bado huvaliwa Oman na kwingine Ghuba. Akataka kujua kama askari wa kizuizini watatiwa na wanja pia.

Chakula kilipita kwa kikapu. Tuliambiwa tusitembeleane, naye hakutaka kuivunja amri wala kuacha kufuturisha jirani. Basi alifunga kikapu cha ukili kwa kamba ya usumba, akakishusha kila magharibi, na sisi tukikirudisha na chetu ndani, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Sisi watunzi tuliozoea kukutana barazani tuliamua kutumiana ubeti mmoja kila usiku kwa simu. Siku za kwanza beti zote zilikuwa za janga: dunia yalia, mauti yatanda, binadamu tubu. Vina vilikaa sawa na mizani ilitimia, lakini ungeweza kuzitunga beti zile mwaka wowote, kwa maradhi yoyote. Neno dunia ni kubwa mno kwa kipande cha mizani minane. Likishaingia hapabaki nafasi ya mtu. Usiku mmoja nikajaribu kumtungia Nyanya, kwa kanuni yake ya dirishani:

Kikapu chashuka chini, kwa kamba kimefungiwa,
Nikichungulia ndani, mna uji wa maziwa,
Kaimati za sahani, saba zimehesabiwa,
Sitamani cha sokoni, zaidi ya nilopewa.

Haikupita dakika, mmoja wetu akaandika: kikapu hicho kimesukwa kwa ukindu wa wapi, hata kitiwe uji kisivuje? Mwingine akadai kaimati saba ni ubahili. Tulicheka kila mtu peke yake chumbani, simu mkononi, hadi karibu na daku. Usiku uliofuata mtu akaleta ubeti wa bawaba ya dirisha, mwingine wa mwanawe aliyejifunza kufunga kamba za viatu ilhali hana pa kwendea.

Katikati ya hayo mjomba wangu akafariki Malindi. Ni moyo, alikuwa nao mgonjwa tangu zamani. Simu ilikuja baada ya alfajiri. Barabara ya Malindi si ndefu, tumeipita mara zisizo idadi kwa matatu, lakini siku ile ilikuwa mbali kama Makka. Mama ni dada yake wa pekee. Hakuenda. Hapakuwa na matanga wala wanawake wa kumkalisha mkekani. Hitima ilisomwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye gudulia la maji, na sauti za jamaa zikipishana kwa kuchelewa, huyu akimaliza aya mwingine ndiyo kwanza aianza.

Adhuhuri Nyanya alijitokeza dirishani. Nilitamani asiulize. Hakuuliza, alimpa mkono wa tanzia kwa maneno na kukaa kimya. Mama ndiye aliyesema, bila kuulizwa:

"Namshukuru Mungu ameoshwa na wanawe. Wamemkafini wao, wamemtia ndani kwa mikono yao."

Aliyekuwa Kenya mwaka ule ataielewa sentensi hiyo. Tulikuwa tumeona kwenye simu picha za maiti wakizikwa usiku na watu waliovaa nguo nyeupe za plastiki, wasiojulikana, kwa haraka ya kutupa taka. Mama aliihofu picha ile kuliko kifo chenyewe. Sentensi yake ilikuwa na kila kitu: mwenye kushukuru, mwenye kushukuriwa, na jambo lililotendwa. Alilia baada ya kuisema, si kabla.

Idi ilikuwa tarehe 24 Mei. Tuliisali nyumbani, tukavaa nguo zilezile. Vizuizi vya Mji wa Kale viliondolewa mwanzoni mwa Juni, na muuza kahawa akarudi na mlio wake, ingawa alipaswa kuwahi kafyu. Mombasa yenyewe ilifunguliwa tarehe 7 Julai. Mama alipanda matatu ya Malindi wiki hiyohiyo, akamzuru kaka yake, akakaa huko siku tatu. Alirudi na machungwa ya shambani kwao. Kabla hajavua buibui alitia sita kikapuni, akavuta kamba mara mbili ili Nyanya ajue kuwa ni kizito.