Hata simu yako ina foleni

Mama mmoja wa Soni alifika hospitalini Lushoto kabla ya saa moja asubuhi, mwanawe wa miaka sita akijikuna upele mikononi. Zamu yao ilipokaribia, akaingia mama mwingine amebeba mtoto mchanga aliyelegea. Muuguzi hakuuliza namba. Alimpokea mtoto na kupita naye moja kwa moja kwa daktari.

Watu wakaguna. Mama wa Soni naye akaguna: "Sisi tumeamka usiku!"

Jioni, akichambua maharage, alimsimulia mdogo wake anayesoma kompyuta chuoni. Kijana akatabasamu. "Dada, hata simu yako ina foleni."

Akamweleza kwamba ndani ya simu kuna prosesa, na kila kiini chake hushika kazi moja kwa wakati mmoja. Programu zinazosubiri ni nyingi, hivyo mfumo endeshi ndio unaoamua ipi itangulie. Ukifuata tu aliyewahi, kazi moja ndefu itazichelewesha fupi zote zilizo nyuma yake. Kwa hiyo kazi hupewa muda mfupi mfupi kwa zamu, na zile za haraka hupewa kipaumbele. Ndiyo maana simu ikiita wakati unatazama video, haingoji video iishe.

"Na wa mwisho je, kama wa haraka hawaishi?" dada akauliza.

Hapo aligusa penyewe. Kazi isiyo ya haraka inaweza kusahaulika kabisa. Dawa yake ni kuipandisha daraja kadiri inavyosubiri, mpaka nayo ifikiwe.

Hospitalini kanuni haiko mbali na hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huwagawa watoto wagonjwa makundi matatu: wa dharura, wa kipaumbele na wanaoweza kusubiri. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea sana au aliyepoteza fahamu hapaswi kukaa kwenye foleni. Mzazi, sema mara tu unapofika, hata kama hujaulizwa. Na mtoto aliyeambiwa asubiri akibadilika hali, inuka umwambie muuguzi. Usione aibu kwamba zamu yako bado.

Mama wa Soni alinyamaza. Upele ungeweza kusubiri; yule mchanga asingeweza. Kisha akawafikiria wanawe mwenyewe. Mdogo hulia usiku, wa miaka sita ana upele. Wa kwanza, binti wa darasa la tano, halii wala haombi kitu, na kila siku huambiwa, "Subiri kidogo."

Usiku huo alimwita yeye kwanza. "Njoo mwanangu, lete daftari."

Lilikuwa likingoja sahihi ya mzazi tangu Jumatatu.