Niachieni Kijivu Changu

Tatu ikifunga midomo inakuwa nane. Sita ikiota kichwa nayo inakuwa nane. Tano iliyopigwa na taipureta yenye utepe mkuukuu, ukiikoleza kidogo tu kwenye kompyuta, inakuwa sita. Nimeskani maikrofilamu kwa miaka kumi na mmoja, na karibu kila ugomvi wangu na mwajiri au mteja umeanzia hapo.

Duka langu liko Chepilat, kwenye barabara ya Sotik kwenda Kisii, pale kaunti ya Bomet inapokutana na ya Nyamira. Wateja wa upande huu wananiamkia kwa Kikipsigis, wa upande ule kwa Kigusii, na bei tunapatana kwa Kiswahili. Mbele napiga fotokopi na kujaza fomu za watu. Nyuma ya pazia kuna skana ya maikrofilamu niliyoinunua mkononi Nairobi, nzito kama cherehani ya miguu. Stima hukatika mara kwa mara, hasa saa za radi (na ndani ya jina la mji huu mna neno ilat, yaani radi), kwa hiyo chini ya meza kuna betri inayonipa dakika ishirini za kuhifadhi kazi.

Kazi niliyo nayo sasa ni mikanda ya milimita 16. Mkanda mmoja wa mita 30 unabeba picha zaidi ya 2,000. Hizi ni picha za kadi za vibarua wa mashamba ya chai: jina, namba ya kazi, kilo za majani kwa siku, na kwenye nyingi, namba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii ulioanzishwa mwaka 1965. Karatasi zenyewe zilitupwa zamani, maana filamu ilipigwa ili kabati zipate nafasi. Sasa waliochuma chai ile ni wazee wanaofuatilia mafao yao. Wengine walikuwa na nakala nyumbani, zikaungua hapa mpakani katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Filamu ndiyo iliyobaki. Tarakimu moja ikikosewa, faili la mzee linarudi kutoka Nairobi na barua ya mistari miwili.

Kosa langu kubwa nilifanya mapema, nikiwa kibarua wa mkataba katika ofisi moja jijini. Msimamizi alitaka kurasa nyeupe. Nikaiweka mashine kwenye hali ya nyeusi na nyeupe tupu, ile isiyojua rangi ya katikati: kila nukta inaulizwa swali moja, wewe ni wino au ni karatasi? Kizingiti cha jibu unakiweka wewe. Nilikisogeza hadi madoa yote yakatoweka, na kurasa zikatoka safi kama sare ya shule Jumatatu asubuhi. Nilisifiwa. Baada ya miezi minne akaja mtafiti mmoja akauliza maandishi ya penseli ya pembeni yako wapi. Maandishi gani? Nikarudisha mkanda kwenye mashine, nikafungua kijivu, na penseli ikajitokeza: mkono wa karani, alama za vema, jina lililokatwa na jingine kuandikwa juu yake. Penseli ni hafifu, na mashine ilipoulizwa swali la ndiyo au hapana, ilisema hiyo ni karatasi. Nilikuwa nimezifuta kurasa elfu kadhaa namna hiyo, kwa uangalifu mkubwa, na hakuna aliyekuwa tayari kulipia kazi irudiwe.

Msimamizi yule hakuwa mjinga. Ukurasa wa ukubwa wa barua, ukiusoma kwa nukta 300 kwa inchi katika kijivu chenye ngazi 256, ni takriban megabaiti 8. Ukurasa huohuo katika nyeusi na nyeupe, ukibanwa vizuri, unaweza usifike hata kilobaiti 100. Zidisha kwa picha 2,000 za mkanda mmoja, halafu kwa mikanda mia tatu, utaelewa kwa nini aliyeshika bajeti ya diski anapenda weupe. Lakini diski zimeshuka bei tangu siku ile, na kurasa zile bado ni nyeupe.

Siku hizi naanza hivi. Nawasha taa na kuiacha ipate moto kabla sijagusa kitu, kwa sababu taa baridi hubadilika mwanga wakati kazi inaendelea. Natafuta fremu ya majaribio ambayo mpiga filamu makini aliiweka mwanzoni mwa mkanda, ile yenye mafungu ya mistari inayozidi kuwa midogo. Isipokuwepo, natafuta herufi e ndogo kwenye ukurasa na kuikuza mpaka nione kama tumbo lake liko wazi. Hapo ndipo ninapolengea fokasi. Kadi hizi zilipunguzwa mara 24, kwa hiyo ili nipate nukta 300 kwa inchi ya kadi yenyewe, skana inatakiwa isome nukta 7,200 kwa inchi ya filamu. Muuzaji akikutajia namba kubwa kuliko hiyo, muulize kama ni lenzi inayoona au ni programu inayokisia. Nukta za kukisia zinanenepesha faili tu.

Kisha mwanga. Siamini mpangilio wa otomatiki hata kidogo. Wenyewe unapima fremu nzima, pamoja na ukingo mweusi unaozunguka kadi, na ukingo ukiwa mpana mashine hudhani picha nzima ni ya giza, ikamwaga mwanga mpaka maandishi hafifu yakaungua. Nachagua fremu tano za kupimia: ya mwanzo, ya katikati, ya mwisho, iliyokolea kuliko zote na iliyofifia kuliko zote. Natazama ile grafu yenye umbo la kilima. Kilima kikigonga ukuta wa kulia, weupe umekatwa. Kikigonga wa kushoto, weusi umekatwa. Na kilichokatwa wakati wa kuskani hakirudishwi na programu yoyote. Nakiacha kilima katikati, na nafasi kidogo kila upande. Picha inatoka imepooza, ya kijivu, kama asubuhi ya ukungu Kericho. Kunoa kingo za herufi nazima kabisa. Mikwaruzo ya filamu naiacha. Mapambo yote yanasubiri nakala ya pili. Faili la kwanza naliweka lilivyotoka na siligusi tena.

Mwezi uliopita kogo mmoja, yaani bibi mzee kwa Kikipsigis, alikuja kuchukua nakala yake. Aliigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango.

“Mwanangu, mbona yangu ni chafu? Ya jirani yangu ilitoka nyeupe.”

“Jirani yako aliipata wapi, kogo?”

“Hapahapa kwako.”

Nilinyamaza. Nikamwomba amwite jirani, naye akaja na karatasi yake imekunjwa mara nne. Ilikuwa kazi ya kijana wangu wa dukani, aliyekuwa amebonyeza otomatiki siku niliyokwenda mazishini. Nyeupe pe. Nikautafuta mkanda, nikaiweka fremu ile, nikashusha mwanga polepole. Kwenye karatasi nyeupe namba iliishia na 3. Kwenye filamu, mwangaza ulipopungua, upande wa kushoto wa tarakimu ile ulijifunga juu, ukajifunga na chini. Ilikuwa 8. Pembeni yake palikuwa na alama ndogo ya penseli, kama karani naye alikuwa ameitilia shaka namba hiyohiyo zamani zile.

Kogo alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. “Karani wa Nairobi ataisoma hii yenye ukungu?”

Swali lilikuwa la haki. Nikampa kila mmoja nakala mbili: ya kijivu kama ushahidi, na nyingine niliyoisafisha kwa mkono kutoka hiyohiyo ya kijivu, nikiangalia tarakimu moja moja. Sikuwatoza. Kijana wangu alikaa na mkanda ule siku mbili, akirudia kadi zote alizobonyeza.

Anayedhani haya ni matatizo ya vibanda vya mpakani akumbuke mwaka 2013, Mjerumani David Kriesel alipoonyesha kuwa mashine za Xerox zilizokuwa zikitumika maofisini zilibadilisha tarakimu zenyewe, 6 ikawa 8, kwa sababu ya namna zilivyobana picha. Mashine iliona vipande viwili vinavyofanana, ikahifadhi kimoja na kukibandika mahali pote. Kurasa zilitoka safi, hazikuwa na doa la kumshtua msomaji. Doa afadhali, mtu akiliona huuliza.

Huku kwetu kuna mambo mazito kuliko hata mafao. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kilipata nakala za maikrofilamu za sehemu kubwa ya nyaraka za taifa za Kenya, zikiwemo ripoti za mwaka za wilaya. Anayefuatilia habari za ukoo wa Talai wa Wakipsigis waliohamishwa kwa nguvu kutoka Kericho kwenda Gwassi kwa sheria ya mwaka 1934 anaweza kujikuta anasoma karatasi za aina hiyo kwenye kioo. Nyingi katika karatasi za zama zile ni nakala za kaboni, hafifu tangu siku zilipopigwa taipu. Ukitafuta humo kwa kompyuta neno Kipsigis utakosa mengi, kwa kuwa maofisa wa kikoloni waliandika Lumbwa. Mji wangu wengine wanauandika kwa p, wengine kwa b. Ukiongeza kizingiti kibaya juu ya hayo, kompyuta itasoma tahajia ya tatu ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuiandika, na mtafiti ataambiwa hakuna kilichopatikana.

Basi wewe uliye ofisini, kiwandani, parokiani au kwenye sacco, na kabatini kuna makopo ya mikanda ya zamani: fungua kopo moja leo ulinuse. Likinuka siki, filamu yenyewe imeanza kuoza, na mvuke wake huziozesha haraka na za jirani. Itenge na wenzake, iweke mahali pakavu penye ubaridi, na utafute mtu wa kuiskani mwaka huu, kwa kijivu. Na picha zikishatoka vizuri, mkanda usiutupe.